Makapi Tuyatupayo: Habari za Matunda ya Kwetu na Faida Zake Mwilini

Katika mazungumzo ya leo twataka kueleza habari za kitu ambacho kila mmoja wetu amekitia kinywani, na karibu kila mmoja wetu amekitema.

Mtazameni mtu wa kwetu alapo chungwa. Hushika kisu, akalizungusha mkononi na kulimenya ganda la juu mpaka likabaki jeupe. Kisha hukata kichwa chake mfano wa mtu afunguaye kibuyu, akaliweka mdomoni, akalikamua na kunyonya maji yake. Maji yakiisha, yale yaliyobaki, yaani ngozi nyeupe pamoja na vijumba vya ndani, hutupwa njiani wakapata mbuzi. Nasi tumekula hivyo tangu utoto wetu, wala hatusemi kwamba ni vibaya. Ila twauliza: je, aliyekula chungwa hasa ni nani, mtu au mbuzi?

Mbuzi amepata makapi, na ndani ya makapi hayo mna kitu kiitwacho nyuzinyuzi. Zamani hata wataalamu walikihesabu kuwa si kitu, maana hakitii damu mwilini, wala hakinenepeshi, wala hakina ladha. Mpaka leo wako watu wengi, na miongoni mwao wamo waliosoma, waonao ya kuwa chakula kizuri ni kile kilicholainishwa kabisa: unga mweupe, mkate mweupe, maji ya matunda yaliyochujwa mara mbili. Sisi pia tulikuwa katika kundi hilo, na aliyetutoa humo ni kijana mmoja mwanafunzi wetu.

Kijana huyu alitoka bara, kwa wazazi wakulima, akaja katika chuo cha waalimu tunachofundisha. Alikuwa na bidii nyingi. Baada ya muda wa miezi mitatu tukamwona amenyong'onyea, hachezi mpira, na darasani hukaa upande upande kama mtu aliyekalia mwiba. Tulipomwuliza akajibu, "Sijambo, mwalimu." Wenzake wakaanza kunong'onezana ya kuwa ametupiwa kitu na jamaa zake walioona wivu kwa sababu ya kusoma kwake. Siku moja usiku akashikwa na maumivu ya tumbo hata akalia, nasi tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, mama." Naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, mara ya mwisho kwenda haja kubwa ilikuwa lini?" Kijana akainamisha kichwa, akatutazama sisi. Tukafahamu, tukatoka nje, maana mambo hayo kijana hawezi kuyasema mbele ya mwalimu wake. Baadaye, kwa ruhusa ya kijana mwenyewe, daktari akatueleza. Ilikuwa siku ya sita hajapata choo. Tena kwa muda wa miezi miwili alikuwa akiona damu, akaficha, akidhani ya kuwa anakufa, na alikuwa amekwisha kumwandikia mama yake barua ya kuagana ambayo hakuipeleka posta. Kumbe ugonjwa wake ni bawasiri, iliyoletwa na kujikamua kwa sababu ya choo kigumu.

"Anakula nini huko kwenu?" daktari akatuuliza. Tukamwambia, tena kwa majivuno kidogo: asubuhi chai ya sukari na mkate mweupe, mchana wali au ugali wa sembe na mchuzi, na vijana wenye senti zao hununua soda na biskuti dukani. "Na matunda?" Hapo tukanyamaza. Nyuma ya bweni la wanafunzi ulikuwapo mpera mkubwa, na kando ya jiko mipapai mitatu. Mapera yalianguka yakaoza, na papai waliachiwa ndege. Wanafunzi waliona ya kuwa mapera ni chakula cha watoto wachungao mbuzi, hakimfai mtu ajifunzaye ualimu. Na sisi waalimu hatukuwaambia neno.

Kwao kijana huyo alikuwa akila mahindi ya kuchoma, kunde, mboga za majani, viazi, na matunda ya porini kila apitapo njiani. Alipofika kwetu akastaarabika, na ustaarabu wenyewe ukamfunga tumbo. Daktari hakumpa dawa nyingi. Alimwamuru anywe maji ya kutosha, ale maharage na mboga, na kila siku papai au mapera. Baada ya majuma machache akarudi uwanjani. Lakini hapa twaomba tusifahamiwe vibaya: mtu aonaye damu katika choo asijitibu mwenyewe kwa papai. Si kila damu ni bawasiri. Yako maradhi mengine mabaya zaidi yaanzayo hivyo hivyo, na daktari ndiye awezaye kuyapambanua. Wala asifiche kama kijana wetu alivyoficha.

Sasa na tueleze nyuzinyuzi ni nini. Kila mmea umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina ukuta wake. Kuta hizo, pamoja na vitu vingine vilivyo ndani ya mmea, ndizo nyuzinyuzi. Tumbo la mwanadamu lina maji ya kuuvunja wanga, na mengine ya kuvunja mafuta, na mengine ya kuvunja chakula cha kujenga mwili. Lakini halina maji ya kuzivunja kuta hizo. Ng'ombe na mbuzi huziweza, kwa kuwa matumboni mwao mna vijidudu vya kuwasaidia kazi hiyo. Kwetu sisi nyuzinyuzi hupita utumbo mwembamba karibu kama zilivyoingia, mpaka zikafika utumbo mpana.

Nazo zina tabia mbili. Ziko zisizoyeyuka katika maji. Mmezijua tangu zamani: ni zile nyuzi za embe zinazoshika katika meno, na maganda ya mapera, na kapi la nafaka. Hizi hushika maji kama sifongo, zikaufanya mzigo wa tumboni uwe mkubwa na laini, na utumbo ukausukuma bila shida. Tena ziko ziyeyukazo, zikawa kama ute. Mwanamke apikaye jamu ya mapera ameona jinsi inavyoganda ikipoa: kigandishacho ndicho hicho, nacho ni kingi katika ile ngozi nyeupe ya chungwa tunayoitupa. Ute huo ukiwa tumboni huizuia sukari isiingie katika damu kwa mbio, bali iingie pole pole. Tena hushika sehemu ya nyongo ukatoka nayo. Basi ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na kwa kazi hiyo hutumia mafuta fulani yaliyomo katika damu, ambayo yakizidi huziba mishipa ya moyo.

Na bado hatujamaliza. Katika utumbo mpana wetu nasi tunao vijidudu, wengi hata hawahesabiki, na wengi wao ni rafiki zetu. Chakula chao ni nyuzinyuzi hizi. Wakizila hutoa aina za asidi ambazo hulisha ukuta wa utumbo wenyewe na kuutia afya. Hutoa na hewa pia, na ndiyo sababu mtu aliyezoea mkate mweupe akila ghafula maharage na mapera mengi, tumbo lake huunguruma na wenziwe humkimbia. Yafaa aongeze kidogo kidogo, juma hata juma, akinywa na maji. Maana nyuzinyuzi bila maji ni kama udongo mkavu.

Huenda wako watakaosema ya kuwa maneno haya yametoka Ulaya, kwa watu waliochoka kula vizuri. Hasha. Sehemu kubwa ya elimu hii ilitoka hapa petu, Afrika ya Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa muda wa miaka karibu thelathini, na mwaka 1960 alitoa kitabu chenye kuorodhesha maradhi ambayo katika nchi za Ulaya yalikuwa ya kila siku lakini kwa Waafrika wa vijijini yalikuwa nadra. Denis Burkitt, daktari wa kupasua aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, alifika Uganda mwaka 1946 akawa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Jina lake lilijulikana kwanza kwa sababu ya saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikutana na Cleave, mganga wa zamani wa jeshi la majini, aliyekuwa akishikilia ya kuwa unga uliokobolewa na sukari nyeupe ndivyo vinavyowaumiza watu wa Ulaya. Burkitt akakumbuka aliyoyaona Mulago, akaanza kuandikia hospitali nyingi za Afrika na kwingineko, akiwauliza waganga wanaona maradhi gani na hawaoni yapi.

Kisha yeye na wenzake wakafanya jambo ambalo wengi wangeona haya kulifanya: wakapima uzito wa choo. Mwaka 1972 walitangaza habari zao. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliopimwa, mabaharia vijana wenye nguvu, walitoa kama gramu 100 tu, na chakula kilikaa ndani yao zaidi ya siku tatu. Yasemekana Burkitt alipotoa hotuba alikuwa akiwaonyesha wasikilizaji picha za choo alichokikuta vichakani, bila haya yoyote. Twakiri ya kuwa darasani kwetu hatujathubutu kufika hapo.

Si kila neno alilolisema Burkitt limethibitishwa. Habari za kidole tumbo, kwa mfano, hazikukatika mpaka leo. Lakini shina la maneno yake limesimama. Mwaka 2019, katika jarida la waganga liitwalo Lancet, wataalamu walikusanya uchunguzi wa miaka karibu arobaini, wakaona ya kuwa watu walao nyuzinyuzi nyingi hupungukiwa na hatari ya maradhi ya moyo, na ya kisukari cha ukubwani, na ya saratani ya utumbo mpana. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika maagizo yake ya mwaka 2023, lataka mtu mzima apate si chini ya gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na mtoto wa miaka 6 hata 9 apate gramu 21. Tena lataka mtu mzima ale gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Gramu 400 si nyingi: kipande kizuri cha papai, ndizi moja, na sahani ya mchicha, mtu amekwisha kufika.

Na tutazame matunda yenyewe. Kwa hesabu zetu twatumia gramu 100 za sehemu iliwayo, ili yalinganishwe kwa haki.

Pera ndilo tutakalolitanguliza, maana ndilo lililodharauliwa. Gramu 100 za mapera, yaani mapera mawili ya kadiri, yana nyuzinyuzi gramu 5 na zaidi, na vitamini C zaidi ya miligramu 200. Chungwa, tunalolisifu sana, lina nyuzinyuzi kama gramu 2.4 na vitamini C kama miligramu 50. Basi pera ni mara mbili ya chungwa kwa jambo la kwanza, na mara nne kwa jambo la pili. Na mahitaji ya mtu mzima ya vitamini hiyo, kwa kipimo kimoja kinachotumika sana, ni miligramu 45 tu kwa siku. Pera moja dogo lamtosha mtu mzima, na bei yake mara nyingi ni kupanda mtini.

Papai lina nyuzinyuzi kama gramu 1.7, si nyingi, lakini lina maji mengi na ulaini, na watu hula kipande kikubwa. Vitamini C yake ni kama miligramu 60. Rangi yake ya manjano, kama rangi ya embe bivu, ni alama ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho. Mtoto aliyekosa vitamini hiyo kwanza hushindwa kuona jioni, akawa anajikwaa kwenye vigoda vya mama yake hali wenzake wanacheza. Wapishi wa pwani wanajua siri nyingine ya papai: bichi, likiwekwa pamoja na nyama ngumu, huilainisha.

Embe lina nyuzinyuzi kama gramu 1.6 na vitamini C kama miligramu 36. Twajua wasikilizaji watabishana kama lililo bora ni dodo au boribo au sindano, nasi hatutaingia katika vita hivyo. Nanasi ni gramu 1.4. Ndizi mbivu ni gramu 2.6, na ile ambayo bado haijaiva sana ina wanga usiosagika wote katika utumbo mwembamba, ukaenda kufanya kazi ile ile ya nyuzinyuzi huko chini. Parachichi lina gramu 6 na zaidi, pamoja na mafuta mema. Pasheni, likiliwa na mbegu zake, lina gramu 10. Likichujwa, hakuna kitu.

Lakini mfalme wa matunda yote kwa habari hii ni ubuyu. Mbuyu tumeuona umesimama Dodoma na pwani yote, watu wakapumzika kivulini mwake na kusimulia habari za mashetani. Ule unga wake mkavu uliozunguka mbegu, kwa vipimo vingi, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzinyuzi, na sehemu kubwa ni ile iyeyukayo ikawa ute. Mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga huo uuzwe kwao kama chakula kipya. Kipya kwao, si kwetu. Kijiko kikubwa kimoja katika uji wa mtoto ni msaada mkubwa. Ila utiwe uji ukiisha kuepuliwa na kupoa kidogo, kwa sababu moto huiharibu vitamini C, ingawa nyuzinyuzi hazidhuriki sana. Na ule ubuyu mwekundu wa kufungwa katika karatasi, uliopikwa kwa sukari na rangi, watoto waupendao kuliko masomo? Huo ni peremende. Waule siku ya sikukuu.

Habari za vitamini C zina kisa chake katika pwani yetu, nacho chatupasa tukieleze. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama, Mreno, zilifika Mombasa. Wengi wa mabaharia wake walikuwa wamepatwa na kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, miguu huvimba, mwisho mtu hufa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na machungwa mengi, na malimau, na miwa. Wagonjwa wakapona. Mmoja wa Wareno hao, aliyekuwa akiandika habari za safari, aliandika ya kuwa wamepona kwa sababu hewa ya mji ule ni nzuri. Katika kurudi kutoka Bara Hindi, wakakaa baharini muda wa miezi mitatu, kiseyeye kikawashika tena, wakafa watu 30, na katika kila merikebu wakabaki saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, nahodha akapeleka mtu pwani upesi kuleta machungwa, maana ndiyo waliyoyatamani wagonjwa. Yakaletwa siku ya pili, lakini wengi walikuwa wamechelewa, wakafa hapo Malindi. Na safari hii mwandishi akailaumu hewa.

Basi hewa ilisifiwa Mombasa na kulaumiwa Malindi, na chungwa halikutajwa ila kama kitu cha kutamani. Ilipita miaka karibu 250 mpaka James Lind, mganga wa merikebu ya Kiingereza, mwaka 1747 akachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao; na wale wawili waliopewa machungwa na malimau wakapona mbele ya wenzao. Hata hivyo jeshi lao la majini halikuamuru mabaharia wote wapewe maji ya malimau mpaka mwaka 1795. Hata watu wa bahari huchelewa kuamini kitu rahisi.

Vitamini hiyo ina kazi nyingine itupasayo sisi zaidi kuliko kiseyeye, nayo ni habari ya damu. Mama wajawazito wengi na watoto wengi wa kwetu wana upungufu wa damu, na sababu moja ni kukosa madini ya chuma. Chuma kimo katika maharage na mchicha, lakini tumbo hukipokea kwa shida. Vitamini C ikiwapo katika mlo ule ule, hupokelewa zaidi. Kwa hiyo mama alaye maharage kisha akala pera, amepata zaidi katika maharage yale yale aliyoyanunua. Akinywa chai ya rangi juu yake, chai hukizuia chuma. Aiache chai kwa muda wa saa moja au mbili, anywe baadaye.

Sasa turudi kwa chungwa letu na yale makapi. Tuliwahi kufanya jaribio darasani. Tuliwapa wanafunzi wawili machungwa matatu matatu. Mmoja tuliyamenya kabisa, akaambiwa ale nyama yote na vijumba vyake. Wa pili tulimkamulia, tukachuja, akapewa bilauri. Wa pili alimaliza kabla mwenzake hajafika chungwa la pili, akauliza kama yako mengine. Wa kwanza alipomaliza alisema ameshiba. Sukari waliyokula ni karibu sawa. Lakini kwa wa pili ilikwenda mbio, kwa wa kwanza iliingia taratibu. Katika bilauri ile ya maji yaliyochujwa nyuzinyuzi zilizobaki ni chache mno, kama sehemu moja katika kumi ya zile za chungwa zima. Mwenye ugonjwa wa sukari asidhani basi ya kuwa maji ya matunda ni dawa kwa kuwa yametoka mtini. Tunda zima, kwa kiasi atakachoambiwa na mganga wake, humfaa. Bilauri yaweza kumdhuru.

Jambo jingine twalisema kwa huzuni kidogo. Muheza, katika Mkoa wa Tanga, ni nchi ya machungwa, na msimu wake malori hujaa yakaenda mjini. Hatuwalaumu wakulima kwa kuuza. Ada za shule na mabati ya nyumba hayatoki mbinguni. Lakini tumeona, tena si Muheza tu, bali popote penye matunda, mtu akiuza shamba zima maua yakiwa bado mtini, kisha msimu ukifika watoto wake mwenyewe hukatazwa kuokota, na ile fedha sehemu yake hurudi dukani kununua soda. Tungekuwa na neno la kumwambia, tungemwambia aache mti mmoja usihesabiwe katika mauzo. Mmoja tu, karibu na mlango.

Tumeletewa na swali ambalo hatuna budi kulijibu kabla ya wakati wetu kwisha. Wazazi wengi huwakataza watoto mapera, wakisema mbegu zake huingia katika kidole tumbo zikakiozesha. Waganga waliovipasua vidole tumbo vingi wameona mbegu za matunda kwa nadra sana, na sababu ya kawaida ni nyingine. Hata hivyo mtoto asiachiwe ashindilie mapera mabichi mengi kwa mara moja, maana mbegu nyingi zikikutana tumboni bila maji huweza kufanya kizibo. Mapera yaliyoiva, mawili matatu, yaoshwe kwa maji safi, yaliwe na ganda lake.

Na kwa mama wenye watoto wachanga: mtoto asiyetimiza miezi sita hahitaji tunda lo lote, wala maji ya chungwa, bali maziwa ya mama yake. Akiisha kupita miezi hiyo, papai lililopondwa au ndizi mbivu vyamfaa, bila mbegu, kwa kijiko kilichooshwa, kidogo kwanza, mkingojea mwone tumbo lake litasemaje.